Tarehe 20 Oktoba: Siku ya Washindi na Siku ya Wa Mwisho

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ifakara, tarehe 20 Oktoba)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya michezo, alitaja na tarehe ya mkutano: 20 Oktoba. Nilicheka peke yangu. Mtu yeyote aliyepata kuifuata riadha anaijua tarehe hiyo. Nikamjibu kwamba nimekubali, na kwamba somo langu nimekwisha pewa na kalenda. Nitasema kwanza yaliyotokea duniani siku kama ya leo. Kisha, kwa ruhusa yenu, nitasema jambo moja lililotokea hapa hapa Ifakara, ambalo si la kujivunia, na ambalo nimelibeba kwa miaka mingi.

Twendeni kwanza Mexico City, mwaka 1968. Michezo ya Olimpiki ya mwaka ule ilifanyika katika mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa bonde la Kilombero, tunaoishi chini ya mita 300, hatuelewi upesi maana yake. Kule juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko ile mwili uliyoizoea. Mkimbiaji wa mbio fupi hufaidika, maana hewa haimzuii sana na mbio zake huisha kabla deni la pumzi halijadaiwa. Lakini wa mbio ndefu hulilipa deni hilo hatua kwa hatua. Ndiyo sababu katika michezo ile rekodi nyingi za mbio fupi zilivunjwa, na katika mbio ndefu watu waliotoka kwenye nyanda za juu za Afrika waliwashinda wengi waliotazamiwa kushinda.

Tarehe 20 Oktoba 1968 ilikuwa siku ya mwisho ya riadha. Hesabuni pamoja nami yaliyotokea katika siku moja.

La kwanza: mbio za mita 1,500. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa mgonjwa. Nyongo ilikuwa inamsumbua vibaya, na siku saba kabla, katika mbio za mita 10,000, maumivu yalimwangusha nje ya njia zikiwa zimebaki raundi mbili tu. Naftali Temu, Mkenya mwenzake, ndiye aliyepata dhahabu siku hiyo. Tarehe 17 Keino akakimbia mita 5,000, akapata medali ya fedha nyuma ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Tarehe 20 akiwa njiani kwenda uwanjani, gari lake likakwama katika msongamano, ikambidi ateremke na kukimbia sehemu ya njia iliyobaki. Mpinzani wake alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, mtu aliyejulikana kwa kufyatuka mwishoni. Wakenya wakapanga shauri: Ben Jipcho akaanza kwa kasi kubwa ili mbio ziwe ngumu tangu mwanzo, na Keino akashika kasi ile ile. Ryun alipofyatuka, wa kumfikia alikwisha kuwa mbali. Keino alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Ryun akafika karibu sekunde tatu nyuma yake. Na Kenya siku hiyo ilikuwa katika sikukuu: Siku ya Kenyatta, inayokumbusha Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Leo wenzetu wanaiita Siku ya Mashujaa.

La pili: kuruka juu. Kijana wa Kimarekani, Dick Fosbury, aliruka mgongo ukitangulia na uso ukitazama mbinguni. Watu wengi walikuwa hawajapata kuona mtindo huo. Akavuka mita 2.24 na kuchukua dhahabu. Vijana, ninyi mnaoruka mgongo kinyumenyume pale uwanjani na kudhani ndivyo watu walivyoruka tangu Adamu, jueni kwamba sisi tulifundishwa kuvuka kwa mkasi, tukiangukia mchanga. Ukianguka mgongo juu ya mchanga wa Ifakara wakati wa kiangazi, hurudii.

La tatu: mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Marekani walishinda kwa rekodi ya dunia, na Kenya wakawa wa pili. Katika wale Wakenya wanne alikuwamo Daniel Rudisha. Miaka 44 baadaye, mwaka 2012 mjini London, mwanawe David Rudisha alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

La nne: marathoni, na hapa nitakaa kidogo.

Ningeweza kuongeza na miaka mingine. Tarehe 20 Oktoba 2007 Afrika ya Kusini iliifunga Uingereza 15 kwa 6 karibu na Paris na kutwaa Kombe la Dunia la raga. Lakini raga si mchezo wa bonde letu, na mimi sina la kuwafundisha juu yake. Turudi Mexico.

Walioanza marathoni ile walikuwa zaidi ya 70. Kati yao alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu na Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu. Safari hii mguu ulikuwa umeumia, na baada ya kilomita kama 17 alitoka. Mwenzake Mamo Wolde akaendelea na kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa pili Mjapani, wa tatu wa New Zealand.

Na alikuwamo Mtanzania, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Ile hewa nyepesi ilimpa mkakamao wa misuli. Halafu, karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakisukumana kutafuta nafasi, akaanguka. Goti likachanika na kuteguka, na bega likapiga barabara. Akafungwa bandeji, akainuka, akaendelea. Kilomita zaidi ya ishirini zilikuwa bado mbele yake.

Aliingia uwanjani giza likiwa limeanza kutanda, watu wengi wamekwisha ondoka. Mshindi alikuwa amefika zaidi ya saa nzima kabla yake. Akhwari alichechemea raundi ya mwisho, damu na bandeji mguuni, na wale wachache waliobaki wakasimama wakimpigia makofi. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, na wa 57 ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kule mbali kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize.

Ndugu zangu, maneno hayo tunayajua sote. Yamesemwa sana hata yamekuwa kama ubao wa ukutani, ambao mtu anapita chini yake bila kuusoma. Mimi nataka mwangalie upande mwingine wa habari ile. Akhwari alifika, naam. Lakini alifika mahali ambapo mstari ulikuwa bado upo. Palikuwa na mtu mwenye saa, palikuwa na mtu mwenye karatasi, na karatasi ile haikufungwa. Ndiyo maana leo tunajua kwamba alikuwa wa 57, tena tunajua dakika na sekunde zake. Kama yule mwandishi angekunja karatasi na kwenda kula, Akhwari angekimbia kilomita zile zile, angemwaga damu ile ile, na katika vitabu ingeandikwa: hakumaliza.

Na sasa nakuja Ifakara.

Mwaka 1983 nilikuwa kidato cha nne katika shule hii, na nilikuwa kiranja wa michezo. Wazee wenzangu mnakumbuka mbio zetu za nyika za mwezi wa Agosti. Mpunga umekwisha vunwa, majaruba yamekauka na kupasuka, vumbi la barabara linafika kifundoni. Tulikuwa na mabweni sita, na kila bweni lilitoa wakimbiaji kumi. Tulitoka langoni, tukashika barabara ya kwenda kivukoni, tukageukia kwenye mwembe mkubwa, tukarudi. Mshindi mmoja mmoja hakuwa na kombe. Kombe lilikuwa la bweni. Nafasi za watu kumi zilijumlishwa, na bweni lenye jumla ndogo ndilo lililoshinda. Na sharti lilikuwa moja: wote kumi wafike. Bweni likipungukiwa hata na mmoja, linaondolewa.

Mwalimu wa michezo alijumuisha sharti hilo kwa makusudi. Alikuwa akisema kwamba hodari watakimbia hata wasipoambiwa. Yeye alitaka kujua bweni linamtendeaje aliye dhaifu.

Mwaka ule bweni moja lilipungukiwa na mtu siku ya mbio yenyewe, maana mkimbiaji wao mmoja alilazwa hospitali. Wakamtoa kijana wa kidato cha pili, mtoto wa mvuvi kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa ndiyo kwanza anapata nafuu ya malaria, bado macho yake ya njano. Nadhani hakuna aliyemwuliza kama anaweza. Aliambiwa kimbia, akakimbia.

Mwalimu alianza kuandika, kisha akaitwa ofisini, akaniachia daftari na saa. Jioni ilipofika watu 59 walikuwa wameingia. Nikajumlisha. Bweni letu lilikuwa na 252. Bweni la yule kijana, kwa watu tisa tu, lilikuwa na 181. Akifika, hata akiwa wa mwisho kabisa, ataongeza 60, na jumla itakuwa 241. Yaani watatushinda kwa kumi na moja.

Nilikuwa nimemtuma mtu wa baiskeli kuangalia njia. Akarudi akaniambia: "Yuko kwenye majaruba, anatembea. Amekataa kupanda baiskeli. Anasema anakuja."

Vijana, nisikilizeni vizuri. Nilijua yuko njiani. Nilijua hesabu. Kengele ya chakula ilipolia, saa kumi na mbili na nusu, niliandika katika mstari wa 60 maneno mawili, "Hakumaliza (mgonjwa)", nikafunga daftari, nikawaambia wadogo wakunje kamba, nikaenda bwaloni. Hilo neno "mgonjwa" niliongeza mwenyewe ili lionekane la huruma.

Kiasi cha saa mbili kasoro nilisikia mtu anabisha mlangoni kwangu. Alikuwa yeye. Vumbi mpaka kwenye kope. Akasema, "Shikamoo, kiranja. Nimefika."

Nikamwambia, "Daftari limefungwa."

Hakubisha. Alisimama kidogo kama mtu anayengoja kuambiwa neno jingine, kisha akasema, "Haya," akaenda kuoga. Wenzake wa bwenini walimtwika kosa lote. Muhula mzima yeye ndiye aliyechota maji ya bweni kila alfajiri, kwa kuwa eti aliwapotezea kombe. Nami nilimwona kisimani kila siku na ndoo zake, nikapita.

Liko na baya kuliko hilo. Siku ya kugawa tuzo nilipokea kombe kwa niaba ya bweni letu, na nikatakiwa niseme machache. Mnajua nilisema nini? Nilisimulia habari za John Stephen Akhwari. Nilizisimulia vizuri, nikapigiwa makofi. Mwalimu alinishika mkono. Yule kijana alikuwa ameketi safu ya nyuma, naye akapiga makofi.

Nilimaliza shule, nikapanda treni ya TAZARA, nikaenda zangu. Kazi, mke, watoto, kama ninyi nyote. Mwishoni mwa miaka ya tisini safari ya kikazi ilinileta tena bondeni, nikawa nangoja pantoni pale mtoni pamoja na malori na wanawake wenye mafungu ya perege na kambale. Mtu mmoja akanisogelea akanisalimu kwa jina langu la shule. Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Alikuwa analima mpunga, ekari kadhaa, na watoto wake wawili walikuwa wanasoma. Tukazungumza habari za mafuriko na bei ya mchele. Pantoni ilipofika upande wetu, akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeulizia jembe alilomwazima jirani: "Kiranja, lile daftari ulikwisha lifungua?"

Nilimjibu kwa kicheko. Nilijifanya nimedhani ni mzaha. Tukaagana, nikavuka. Katikati ya mto nikatazama nyuma, amekwisha geuka anakwenda zake.

Siku hizi pantoni haihitajiki tena pale. Tangu mwaka 2018 liko Daraja la Magufuli, na mtu anavuka mto Kilombero kwa dakika chache bila kungoja yeyote. Mwezi uliopita nilivuka kwa daraja hilo kwenda kumtafuta. Nilimkuta shambani. Nilimwambia yale niliyowaambia ninyi leo, pamoja na hesabu ya 252 na 241, maana ile hesabu hakuwa anaijua. Miaka yote hiyo aliamini kwamba alifunga bweni lake kwa uzembe wa miguu yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi tulishinda." Hakusema zaidi. Nilimwomba aje leo, akaniambia kwamba Oktoba ni mwezi wa kutayarisha mashamba, mvua hazimngoji mtu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Waliokuwapo wanamjua.

Akhwari, baada ya Mexico, hakubaki kuwa habari ya kuhurumiwa tu. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, yaani muda bora kuliko aliotumia mshindi wa Mexico. Mwaka 1983, mwaka ule ule nilioufungia daftari, alitunukiwa nishani ya heshima ya Taifa. Yule wa 57 alikuwa mkimbiaji kweli kweli. Siku moja tu ilimwangusha. Je, wangapi tumewaandika "hakumaliza" kwa siku yao moja mbaya, na hatujui wangekimbiaje siku ya pili?

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuomba radhi kwa maneno matupu. Nina maombi matatu.

Kwanza, ule ubao wa makombe ulioko bwaloni. Mstari wa mwaka 1983 una jina la bweni letu. Naomba lifutwe, na liandikwe jina la bweni lililoshinda kwa jumla ya 241. Nimezungumza na wenzangu wa bweni letu walioko hapa. Wawili wamekasirika, na wana haki, kwa kuwa wao walikimbia kwa uaminifu na hawakujua lolote. Kosa ni langu, si lao. Lakini kombe si letu.

Pili, naomba mbio za nyika, ambazo nasikia zimelala kwa miaka kadhaa, zifufuliwe, na zifanyike karibu na tarehe hii ya leo, isipokuwa kidato cha nne, ambao wana mitihani yao. Lile sharti la watu kumi lirudishwe kama lilivyokuwa.

Tatu, na hili nawaomba ninyi vijana wenyewe. Mteue mtu wa kukaa kwenye mstari mpaka wa mwisho afike. Si mdogo wa kidato cha kwanza aliyeadhibiwa. Awe kiranja, tena kiranja mkubwa. Mpeni taa, mpeni maji, chakula chake kihifadhiwe. Asifunge daftari mpaka mtu wa 60 ameandikwa nafasi yake na muda wake. Taa nimeileta mimi mwenyewe. Iko pale mezani kwa Mkuu wa Shule, pamoja na betri zake. Na nikiwa hai mwakani, kama mtaniruhusu, mwaka wa kwanza nitakaa mimi.